Ketini Kwanza, Mhesabu: Neno kwa Wazazi Wanaotafuta Shule

Masomo: Mwanzo 13:5–13; 1 Samweli 2:18–21; Luka 14:25–33



Kila msimu wa kuandikisha watoto shule unapokaribia, swali moja hurudi katika familia zetu za Ibra, Sur na Nizwa. Linaulizwa kwenye simu usiku, linaulizwa baada ya ibada tunapokunywa chai, na wazee wa kanisa wanaulizwa faraghani: je, tuhamie Muscat kwa ajili ya shule? Au mama ahame na watoto, baba abaki kazini huku? Au tuwarudishe nyumbani, wakae na bibi, wasome bweni? Au tubaki tulipo na shule iliyopo?

Hatuandiki kumwambia mtu ahame au asihame. Biblia haina mstari unaotaja jina la shule. Tunaandika kwa sababu tumeona familia nzuri zikiamua jambo hili kwa haraka, kwa hofu, au kwa kuangalia jirani, kisha bei kamili ikajulikana baadaye. Bwana Yesu alisema neno juu ya kuketi kabla ya kujenga. Tuketi naye leo.

Mahali tulipo

Tuanze na hali halisi. Shule za serikali hapa hufundisha kwa Kiarabu na zimeandaliwa kwa watoto wa nchi hii. Watoto wetu wengi husoma shule za kulipia. Nizwa, Ibra na Sur kila mmoja una shule ya jamii ya Wahindi inayofuata mtaala wa CBSE, na ziko shule nyingine za binafsi. Lakini shule za mitaala ya Uingereza na Marekani, zile ambazo majina yake hutajwa kwa sauti ya chini kwa sababu ya ada zake, nyingi ziko Muscat. Kutoka Nizwa hadi Muscat ni kama kilomita 160. Kutoka Sur ni kama 200. Ibra ni mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili. Hakuna mtoto wa darasa la pili anayeweza kwenda na kurudi kila siku.

Kwa hiyo kuchagua shule kunageuka kuwa kuchagua mji, na kuchagua mji kunageuka kuwa kuchagua nani atalala nyumba ipi.

Ndugu zetu walioko Marekani wanalo jambo hilihili kwa sura nyingine. Kule shule ya serikali ni bure, ila mtoto hupangiwa shule kwa anwani ya nyumba, na sehemu ya fedha za shule hutoka kwenye kodi ya majengo ya eneo lile. Basi panapokuwa na shule zenye sifa, nyumba hupanda bei, na mzazi hulipa ada kupitia kodi ya pango bila kuiita ada. Ukimpigia simu dada yako aliyeko Minnesota au Texas, utamsikia akiuliza swali lako lilelile. Shule inayoitwa bure nayo ina bei. Tofauti ni mahali bei hiyo ilipoandikwa.

Na wenyeji wetu wanaijua habari hii. Katika Ibra na Sur bado tunasalimiwa kwa Kiswahili sokoni na wazee waliozaliwa Unguja, Pemba au Mombasa. Familia zao zilivuka bahari kutafuta maisha, na wengi walisoma kule kwa sababu huku shule zilikuwa chache mno. Mwaka 1970 nchi nzima ya Omani ilikuwa na shule tatu tu za kisasa, zenye wavulana wapatao 900. Wengi wa wale waliorudi kutoka Afrika Mashariki baada ya mwaka huo walikuja na elimu, na nchi ikawapa kazi katika shule, hospitali na ofisi. Lakini ukiketi na mzee mmoja wao akakusimulia, utasikia pia habari za ndugu waliotengana na makaburi yaliyobaki ng'ambo. Elimu iliwainua, na kuna kitu walichokitoa. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Lutu aliangalia safu moja

Katika Mwanzo 13 Abramu na Lutu wana mifugo mingi, malisho hayatoshi, na wachungaji wao wanagombana. Abramu, mtu mzima, anamwachia kijana achague kwanza. Lutu anainua macho, anaona bonde la Yordani lina maji kila mahali, anachagua.

Tumtendee Lutu haki. Kutafuta malisho si dhambi. Mifugo inakufa bila maji. Vivyo hivyo mzazi anayetaka mtoto wake asome mahali pazuri hatendi kosa lolote; wengi wetu tuliondoka nyumbani, tukaacha mama zetu wakilia uwanja wa ndege, kwa ajili ya hilo hasa. Na tusiende nyumbani tukisema kanisa limeiita Muscat Sodoma. Muscat ina viwanja vya makanisa Ruwi na Ghala, na familia nyingi za Kikristo zinaishi humo vizuri.

Kosa la Lutu liko kwenye hesabu. Aliangalia maji na majani. Biblia haisemi kwamba aliuliza majirani watakuwa nani, wala kwamba alimuuliza mkewe, wala kwamba alijiuliza itakuwaje kukaa mbali na Abramu, mtu pekee katika nchi ile aliyemwombea. Alijaza safu moja ya daftari, akaifunga. Sura ya 14 inamkuta ametekwa pamoja na mali yake. Sura ya 19 inamkuta akikimbia bila kitu.

Sisi tunaweza kufanya hesabu ya Lutu kwa njia mbili. Mmoja huangalia sifa ya shule peke yake, akahama. Mwingine huangalia kodi ya nyumba peke yake, akabaki, wala haulizi kama mtoto anajifunza kitu. Wote wawili wamejaza safu moja.

Fedha: tuiandike kwenye karatasi

Bwana Yesu, katika Luka 14, anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: anaketi kwanza, anahesabu gharama, aone kama ana vya kumalizia. Asipofanya hivyo anaweka msingi, anashindwa, watu wanamcheka. Tunaijua misingi hiyo. Iko Kitengela, iko Kibaha, iko Mukono. Nyasi zimeota ndani yake.

Tuchukue mfano. Namba hizi tumezibuni ili kufundishia. Wewe weka zako.

Tuseme baba na mama wanafanya kazi Ibra, na mishahara yao kwa pamoja ni riali 700 kwa mwezi. Nyumba ni riali 130. Shule ya watoto wawili, ukiigawa kwa miezi, ni 90. Chakula, umeme na maji ni 150. Gari ni 60. Wanatuma nyumbani 120. Jumla ni 550. Inabaki 150 ya akiba, tiketi na dharura.

Sasa tuseme mama anapata kazi Muscat kwa mshahara uleule, anahama na watoto, baba anabaki Ibra kwenye chumba. Nyumba mbili kwa pamoja ni 280. Shule mpya ni 200. Majiko mawili, umeme wa sehemu mbili, ni 190. Gari na safari za kila mwisho wa wiki ni 90. Jumla ni 760, na bado hatujatuma hata riali moja kwa bibi. Mapato ni yaleyale 700.

Pengo la 60, na zile 120 za nyumbani, zitatoka wapi? Hapa ndipo tunapoomba kila familia isimame kidogo, maana pengo hujazwa na vitu vitatu tu: deni, au kumpunguzia mtu mwingine, au zamu za ziada. Hakuna cha nne, labda mshahara uongezwe. Kabla ya kuhama, baba na mama wakubaliane kwa maneno, ni kipi kati ya hivyo. Kama ni kumpunguzia bibi, bibi aambiwe mapema na kwa heshima, asigundue mwenyewe mwezi wa tatu.

Kuna gharama ndogo zinazosahaulika: ada ya kuandikishwa, basi la shule, sare, vitabu, amana ya nyumba. Kuna kalenda pia. Shule za CBSE huanza mwaka Aprili. Zile za mtaala wa Uingereza huanza Septemba. Kenya na Tanzania huanza Januari. Mtoto anayehamishwa kutoka kalenda moja kwenda nyingine anaweza kurudishwa nyuma miezi kadhaa, au kurukishwa masomo ambayo hakuwahi kufundishwa. Uliza kabla hujalipa. Na soma mkataba wako wa kazi. Tangu Januari 2021 mfanyakazi aliyemaliza mkataba wake hapa hahitaji tena barua ya kutopingwa na mwajiri wa zamani ili ahamie kwa mwingine; aliye katikati ya mkataba hali yake ni tofauti.

Mwili nao hulipa

Wengi wetu tunafanya kazi katika wodi na zahanati, basi mturuhusu tuseme neno la kiuguzi ndani ya neno la Mungu.

Zamu za ziada hazitoki hewani. Zinatoka kwenye usingizi. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kwa usiku. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Shule inayomlazimu mtoto kuamka saa kumi alfajiri kusubiri basi, kisha arudi na kazi za nyumbani hadi saa nne usiku, inampa maarifa kwa mkono mmoja na kuyachukua kwa mkono wa pili. Mtoto asiyelala hushindwa kukumbuka alichofundishwa, na mara nyingi huitwa mvivu.

Nasi wazazi vilevile. Tunapima presha za wengine mchana kutwa, zetu hatuzipimi. Barabara ya kutoka Muscat usiku wa Jumamosi, baada ya wiki ya zamu, baba peke yake kwenye usukani akiwahi kazi ya Jumapili asubuhi, hiyo nayo ni gharama, na ina namna mbaya sana ya kudai. Mwili ni hekalu, anasema Paulo kwa Wakorintho. Tukiuza hekalu ili tununue dawati, tuwe angalau tumejua tunachouza.

Hana na lile joho dogo

Iko njia ya tatu, na familia nyingi zimeichagua: mtoto abaki au arudi nyumbani. Kwa fedha inaonekana nyepesi. Kule Kenya, kwa mfano, ada iliyowekwa na wizara kwa shule za kitaifa za bweni imekuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, ambazo kwa bei ya fedha ya siku hizi ni kama riali 160. Kuna wanaolipa hapa fedha hiyo kwa miezi miwili tu. Ongeza nauli, sare, matumizi na michango, bado ni nafuu.

Hatuwezi kuizungumzia njia hii bila kuwataja dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani katika miji hii. Kwao hapakuwa na kuchagua. Vibali vyao haviwaruhusu kuja na watoto, na riali wanayoipata ndiyo ada ya mtoto aliyeko Kisumu, Mwanza au Bujumbura. Tunapokaa baada ya ibada tukilinganisha shule za Muscat, dada huyo anamimina chai na kusikiliza. Tumwone. Na tusimhukumu mama aliyemwacha mtoto, maana Maandiko yana mama wa namna hiyo na yanamheshimu.

Hana alimpeleka Samweli Shilo akiwa bado mdogo, akamwacha. Alikuwa amemwomba kwa machozi miaka mingi, na akamwacha. Lakini 1 Samweli 2:19 inatuambia jambo dogo: kila mwaka alimshonea joho, akamletea alipopanda na mumewe kutoa dhabihu.

Fundi yeyote wa nguo atakuambia, huwezi kumshonea mtoto bila kujua kipimo chake. Mtoto hukua. Joho la mwaka jana halimtoshi mwaka huu. Kwa hiyo Hana, akiwa mbali, alikuwa anahesabu: sasa mabega yamefika hapa, sasa mikono imerefuka. Alikuwa mbali kwa mwili, lakini kipimo cha mwanawe alikuwa nacho.

Ndugu mzazi uliye na mtoto mbali, jipime kwa joho la Hana. Je, unajua mtoto wako sasa anavaa kiatu namba gani? Unamjua mwalimu wake wa darasa kwa jina? Rafiki yake wa karibu ni nani? Ni somo gani analoliogopa? Mara ya mwisho alipougua, ulijua siku ileile au wiki iliyofuata? Kama majibu unayo, wewe ni mama, wewe ni baba, hata kama bahari iko katikati. Kama huna, anza wiki hii. Simu ya dakika kumi na tano isiyotaja ada wala matokeo ya mtihani, ya kumsikiliza tu, ni kipande cha lile joho.

Kisha tusome na sehemu ngumu ya sura ileile. Shilo palikuwa mahali patakatifu, penye sifa kuliko pote katika Israeli, na hapohapo wana wa Eli walikuwa wakiiba sadaka na kuwadhulumu wanawake. Jina kubwa la mahali halikumlinda mtu yeyote. Iwe ni bweni la nyumbani, iwe ni shule ya gharama ya Muscat, iwe ni kwa shangazi, uliza ni nani yuko na mtoto baada ya masomo, nani ana funguo za bweni, na mtoto akitaka kusema jambo baya atamwambia nani. Mfundishe mtoto kwamba akikuambia utamwamini. Hilo tunalisema kama wazazi, na tunalisema kama wauguzi.

Maji ya falaji hunywewa kwanza

Ninyi mnaoishi Nizwa mmeshapita Falaji Daris na watoto. Ni mmoja kati ya mifereji mitano ya Omani iliyoingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Mitatu iko Dakhiliyah, na mmoja, Al-Jeela, uko upande wa Sur. Wazee wa hapa wamegawana maji hayo kwa vizazi vingi, na mgao una utaratibu.

Maji yakifika kijijini, kwanza watu huteka ya kunywa. Baadaye hupita penye kuoga na kufulia, kisha huingia kwenye mashamba ya mitende, kila shamba kwa muda wake. Mwisho kabisa, chini, ndipo yanapofika kwenye mashamba ya msimu. Ukame ukija, mashamba ya msimu ndiyo huachwa kwanza. Mtende haukatiwi maji, kwa sababu bustani ya msimu unaweza kuipanda tena mwakani, lakini mtende ulioangamia utakuchukua miaka mingi kuurudisha.

Familia yetu ni kijiji kama hicho. Maji ni machache: fedha, saa, nguvu, uvumilivu. Ni nini kinywewe kwanza? Mtende wetu ni upi, na shamba la msimu ni lipi?

Tukiwa wakweli, sifa ya shule mara nyingi ni shamba la msimu. Shule hubadilika, walimu huondoka, mitaala hubadilishwa. Tumeona hayo kwa macho kule nyumbani: Kenya imeacha mfumo wa 8-4-4 na kuingia mtaala wa umilisi ulioanza 2017, na waliodhani wameshika njia ya uhakika wakaanza kuuliza upya. Lakini ndoa iliyokauka, mtoto aliyezoea kutomwona baba, sala ya jioni iliyokufa kwa sababu kila mtu yuko nyumba yake, hivyo ni mitende. Vinakua polepole, na vikifa haviponi kwa muhula mmoja.

Kumbukumbu la Torati 6 inawaagiza wazazi wawafundishe watoto neno la Mungu wanapoketi nyumbani, wanapotembea njiani, wanapolala na wanapoamka. Angalia nyakati hizo. Zote zinahitaji mzazi awepo. Ada hulipia masomo. Huwezi kumlipa mwalimu akalale na kuamka na mtoto wako badala yako.

Kwa usawa tuseme na upande wa pili. Kuna mtoto ambaye shule iliyo karibu haimfai kabisa: ana shida ya kusoma na hapati msaada, au anapigwa, au ana umri wa kidato ambacho hapo hakipo. Kwa mtoto huyo shule yenyewe ni maji ya kunywa, na familia ihame ikiwezekana, tena nzima, na sisi tutawasaidia kufunga mizigo. Kuna familia ambazo kuhamia Muscat kutawaleta karibu na kanisa, maana viwanja vya ibada vilivyotengwa viko Ruwi, Ghala, Sohar na Salalah, na wanaotoka Sur huendesha kilomita 400 kwenda na kurudi kila Ijumaa, ambayo hapa ndiyo Jumapili yetu. Hiyo nayo ni safu kwenye daftari, na si ndogo. Iandikeni.

Na mkibaki, bakini kwa moyo mzima. Yeremia 29 inawaambia watu waliokuwa ugenini wajenge, wapande, waombee amani ya mji walipo. Watoto wa kwanza wa nchi hii baada ya 1970 walisoma wengine kwenye mahema, na kati ya kizazi hicho wakatoka madaktari na wahandisi. Mtoto anayesoma shule ya kawaida Ibra, akiwa na mzazi anayekaa naye mezani nusu saa kila jioni, anayemsomea, anayemuuliza, anayemwona mwalimu wake kila muhula, hajaachwa nyuma.

Tena tuache kuangalia dau la jirani. Watu wa Sur walijenga majahazi yaliyofika hadi pwani yetu, nasi tunao msemo: usione vyaelea, vimeundwa. Picha ya mtoto wa fulani katika sare ya shule kubwa, iliyowekwa kwenye kundi la WhatsApp, haionyeshi deni, wala zamu za usiku, wala baba anayekula peke yake. Nawe usipost ili mwenzako aumie.

Bwana ndiye aliyesema hivyo

Tumalizie pale tulipoanzia, Luka 14. Yesu hakuwa anafundisha ujenzi. Umati ulikuwa unamfuata, akageuka akawaambia kumfuata yeye kuna gharama, na hakuna kitu kingine kinachoweza kukaa juu yake, hata baba, mama, mke na watoto. Neno hilo ni zito kwa wazazi. Tunapenda kusema tunafanya yote kwa ajili ya watoto. Lakini watoto wakiwekwa mahali pa Mungu, wanabebeshwa mzigo ambao hawawezi kuubeba. Mtoto aliyeambiwa kila siku kwamba baba na mama wametengana, hawalali, wana deni, yote kwa ajili ya masomo yake, huyo akipata alama ya C anaona ameua familia. Tumewahi kuketi kando ya vitanda vya vijana wa namna hiyo. Mwachieni mtoto awe mtoto. Mwokozi tunaye tayari.

Basi wiki hii, kabla ya fomu yoyote kujazwa, tunaziomba familia zifanye mambo manne:

1. Baba na mama mketi pamoja jioni moja, televisheni na simu zikiwa zimezimwa, mwandike safu zote: fedha, usingizi, ndoa, ibada, wazee wa nyumbani, na mtoto mwenyewe. Aliye peke yake aketi na mzee wa kanisa au rafiki anayemwamini.

2. Mtoto aliyefikisha miaka kumi aulizwe anaonaje. Si yeye atakayeamua, lakini Samweli naye alikuwa mtoto, na Mungu alisema naye.

3. Mtaje mtende wenu: jambo moja ambalo familia haitalikatia maji, liwe lipi liwalo. Liandikeni juu ya karatasi.

4. Wale mliojaliwa gari mkitoka Nizwa, Ibra au Sur kuja ibadani, angalieni kama kuna dada au familia isiyo na usafiri. Vijana wa kidato, wapeni wadogo saa moja ya hesabu na kusoma baada ya ibada. Vitabu na sare zilizobana zisikae kabatini. Gharama ikigawanywa, inabebeka.

Wakati wowote mkitaka mtu wa kuketi nanyi kwenye hesabu hiyo, wazee wa kanisa wapo, na siri zenu zitabaki siri.

Tuombe

Baba yetu, wewe uliyemwona Hana njiani akiwa na joho mkononi, tuone na sisi. Utupe hekima ya kuketi kabla ya kujenga. Uwabariki walio na watoto wao mezani usiku huu, na uwalinde watoto walio mbali na mama zao. Wape baba na mama moyo mmoja. Ubariki miji hii iliyotupokea, shule zake na walimu wake. Utufundishe kuhesabu vyote, na kukutanguliza wewe. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.